Upepo Niliouacha Kwenye Breki ya Mjomba

Kamata breki ya mbele ya pikipiki yako, hapo hapo ulipoiegesha. Ibonyeze mara moja tu, taratibu, halafu ishikilie. Kama mkono wa breki umesimama mapema na haushuki tena, haya, endelea na shughuli zako. Kama unazama mdogo mdogo mpaka unagusa gripu ya usukani, shuka. Una upepo ndani ya breki, na mimi sitaki kusikia habari zako kwa watu wengine.

Nawaandikia nyie vijana wa kijiwe chetu cha Bigwa, mlioniaga juzi kwa soda na kiti cha plastiki. Kiti nimekipenda. Kina mguu mmoja mfupi, na nawajua, mlikichagua makusudi, lakini nimekipenda. Mgongo wangu umegoma kuinama, ndiyo maana nimewaachia spana. Mkasema, "Mzee Upepo, basi tuandikie hata kidogo kuhusu kutoa upepo kwenye breki za mafuta." Nyie mnadhani jina la Mzee Upepo nilipewa kwa sifa. Sifa gani! Nilipewa kwa aibu, na leo nawaambia lilikotoka. Kwa kifupi, kiputo cha upepo kisichozidi punje ya choroko kilitaka kuninyima mke.

Lakini kwanza kazi. Mafuta ya breki hayabonyei. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule, pedi zinauma disk, lile sahani la chuma la gurudumu, chombo kinasimama. Upepo unabonyea. Ukiwa na kiputo njiani, wewe unabana, kiputo kinajikunja, mafuta yanabaki yametulia, na mteremko unaendelea kama kawaida yake. Ndiyo hivyo tu. Mtu akikueleza zaidi ya hapo anataka kukuonyesha kwamba amesoma.

Mimi nilifundishwa na marehemu fundi Chande, mtu wa Tanga, mnene, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Nilitoka Singida nikiwa najua kuziba pancha tu, na yeye alikuwa fundi wa kwanza kijiweni pale kuthubutu kufungua breki ya mafuta. Wakati huo pikipiki nyingi zilikuwa na breki za waya, mbele na nyuma, na ikija yenye disk mafundi wengine walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana msiba. Chande alikuwa anaimba kazi kama mwalimu wa madrasa, na sisi tunaitikia: bonyeza, shikilia, fungua, funga, achia. Unafungua niple ya chini, ile ya kutolea mafuta karibu na gurudumu, kwa spana namba nane, robo mzunguko tu. Umeivalisha mpira mwembamba, na ncha ya mpira imezama kwenye mafuta ndani ya chupa, ili kitakachotoka kisirudi. Unafunga kwanza, ndipo unaachia mkono. Ukiachia kabla ya kufunga umevuta upepo mpya, na Chande alikuwa anaujua kwa sauti. Alikuwa anaweza kuwa amelala chali chini ya Hiace mita kumi kutoka kwako, akapiga kelele, "Wewe Nkungu! Umeachia!"

Na jicho lisitoke kwenye kikopo cha juu, kile cha mafuta pale kwenye usukani. Mafuta yakipungua mpaka tundu likaonekana, breki inavuta upepo kwa wingi na unaanza upya kabisa. Hilo shikeni, nitalirudia kwa uchungu.

Mafuta yenyewe yanakula rangi. Nilijifunza kwa tenki la mwalimu mmoja wa sekondari, jekundu, jipya, linang'aa. Nilidondosha matone, nikaona nifute kwa kitambaa kikavu, nikayasambaza vizuri kabisa. Kesho yake tenki lilikuwa limechubuka umbo la kiganja changu, vidole vyote vitano. Mwalimu aliendesha tenki lile miaka, na kila akinikuta mjini ananionyesha watu, "Mkono wenyewe ndio ule." Kwa hiyo maji, vijana. Yakimwagika, maji mengi na haraka.

Haya. Sasa mke.

Yustina alikuwa anauza vitabu na kalamu kwenye duka la jirani na kijiwe. Mluguru wa milimani, kutoka kijiji kimoja juu ya Mkuyuni. Mimi nilikuwa nanunua kalamu kila siku, na fundi pikipiki haandiki. Alipoona kalamu zimefika kumi na kitu, akaniambia niseme ninachotaka. Nikasema. Akaanza kunieleza mambo ya kwao: kwamba kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, kwamba baba anaheshimiwa sana lakini kwenye kuoza binti mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mimi nilikuwa naitikia, "Ehee, ehee," huku namwangalia anavyoongea. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Siku moja akasema, "Jumamosi watakuja wawili kutoka nyumbani. Wana pikipiki zao, breki za mbele zote mbovu. Watajifanya wamekuja kutengeneza tu. Angalia usiharibu."

Jumamosi wakaja. Wa kwanza mzee mrefu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Nikajua huyu ndiye baba mkwe. Wa pili kamzee kafupi, sweta lina tundu kiwikoni, mabuti ya mpira yana udongo mwekundu, kamefunga mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki. Yule mrefu akanipa mkono, akasema, "Mimi ni baba yake Yustina. Na huyu ni shemeji yangu, Pius."

Shemeji yangu! Neno nililisikia wazi kabisa, mchana, hakuna kelele. Kaka wa mke wa baba yake Yustina ni nani kwa Yustina? Hata nyie mnaocheka hapo mmeshajua. Mimi sikujua. Nilimpa baba shikamoo ya kuinama mpaka mgongo ukalia, na yule mfupi nikamtupia "shikamoo mzee" huku natafuta spana.

Breki ya baba niliihudumia kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Nilitoa mafuta ya zamani yote, nikatia mapya, nikatoa upepo, nikarudia, nikaosha kaliper, ile inayobana pedi, kwa mswaki, nikang'arisha rimu ambayo hakuna aliyeniomba. Mzee Pius amekaa juu ya tairi bovu, anakula ndizi moja moja. Ilipofika zamu yake nilikuwa nimechoka, na baba mkwe alikuwa ameshaniuliza habari za Singida. Nikawa natoa upepo mkono mmoja huku namwelezea juu ya kuku wa kwetu. Nilipofika pazuri kwenye habari za kuku nikatupa jicho juu: kikopo kikavu, tundu linanitazama.

Hapo fundi mwenye akili anaanza upya. Mimi nikajaza mafuta, nikarudia wimbo wa Chande mara mbili tatu, nikabonyeza. Mkono ukazama. Ndipo nikafanya lile jambo ambalo nawakataza mpaka naingia kaburini: nikapampu. Chwa chwa chwa chwa, haraka haraka. Ukipampu hivyo, kiputo kinabanwa kwa muda na mkono wa breki unakuwa mgumu. Mgumu wa uongo. Ukiuacha utulie dakika tano, unarudi ulegevu wake. Nilimpa ukiwa mgumu nikasema, "Tayari, mzee." Akabonyeza, akaniangalia, akasema, "Haya." Wakaondoka.

Jumanne Yustina akaja kijiweni amekunja uso.

"Umemuangusha mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Mjomba Pius! Wa mabuti!"

Nilikaa chini bila kuangalia ninapokaa, nikakalia bisibisi. Yustina hakucheka, ndipo nikajua hali ni mbaya. Akanieleza. Mzee wa watu alipomaliza Mkuyuni na kuanza kona za kwao, kwenye mteremko wa darajani akabana breki ya mbele, ikazama mpaka mwisho. Kilichomwokoa ni breki ya nyuma ya mguu, ile ya kizamani isiyojua mambo ya mafuta, na uwanja wa mama mmoja aliyekuwa ameanika karafuu kwenye mkeka. Aliingia kwenye mkeka, pikipiki huku, yeye kule, ndizi kila mahali. Goti likachubuka. Mwenye karafuu alimpa pole, akampa na ungo, akamwambia aokote zote. Aliokota mpaka jioni.

"Ananukia karafuu mpaka leo," Yustina akasema, macho yamejaa machozi. "Na amesema neno lake hawezi kulitoa kwa mtu ambaye hajui kazi aliyoifanya mwenyewe. Anataka uende kule ukarudie. Mbele ya wote. Ikishindikana, basi."

Chande alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza taratibu, "Ulipampu?"

Nikaanza kufuta spana ambayo haikuwa chafu.

"Wallahi ulipampu." Akaingia ndani, akatoka na chupa, mpira, spana namba nane na kopo jipya la mafuta, akanipakatisha. "Nenda kautoe upepo wako. Na huko usiwadanganye, wale watu wanaishi kwenye mteremko. Breki wanaijua kuliko wewe."

Nilipanda mlima Jumapili. Nilikuta wamekaa kwenye mabenchi: baba, mama, shangazi, majirani, kama watu waliokuja kuangalia mpira. Mzee Pius ana bendeji gotini. Safari hii niliinama vizuri. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akasema. "Pikipiki hiyo hapo."

Jamani, nilifanya kazi. Bonyeza, shikilia, fungua, funga, achia. Kikopo sikukitoa jichoni. Viputo vikatokea ndani ya chupa, vikapungua, vikaisha. Mafuta yanatoka safi, hayana hata punje ya upepo. Nabonyeza: mkono unakaa mgumu, halafu mwishoni kabisa unalegea kidogo. Kidogo tu, kama unavyobonyeza parachichi ambalo litaiva kesho. Narudia. Vile vile. Kopo la mafuta linaelekea kuisha, jua limesimama utosini, harufu ya kuku wa nazi inatoka jikoni, na watu wameanza kupiga miayo. Kwetu Bigwa breki ile ingekuwa imeisha zamani. Sikuelewa kabisa.

Mzee Pius akasimama. "Tayari?"

Kabla sijajibu akageuka. "Yustina, njoo. Panda nyuma yake. Mteremke mpaka darajani, mrudi. Mkirudi tutakula na tutaongea."

Vijana, nisikilizeni hapa. Yustina akaja. Nikapanda, nikawasha. Akakaza kanga kiunoni, akapanda, akaweka mkono begani kwangu. Mama yake akajishika kifua. Na mkono wangu wa kulia, huu huu ninaoandikia, ukaanza wenyewe: chwa, chwa, chwa. Mkono wa breki ukawa mgumu, wa kupendeza. Mtu yeyote pale angeubonyeza angesema huyu ni fundi. Na huenda tungefika darajani salama, kwa breki ya nyuma na mwendo wa kinyonga, na jioni ile ningekuwa na mchumba. Lakini nilikuwa nausikia uzito wa ule mkono begani. Niliogopa, nawaambia kweli. Sikuogopa kuanguka mimi.

Nikazima pikipiki. "Bado," nikasema.

"Bado nini?" Mzee Pius akauliza.

"Bado una upepo, mjomba. Sijui umekaa wapi, lakini umo. Na Jumamosi ile pia nilijua umo, nikakupa hivyo hivyo. Nilipampu."

Baba yake Yustina akaangalia kalamu zake. Nilijua yameisha. Yustina akashuka, akaenda kukaa na mama yake.

Mzee Pius akawageukia watu, akasema, "Chakula kinapoa. Twendeni tukale. Huyu abaki na upepo wake."

Wakaingia ndani wote. Nikabaki mimi, pikipiki, na harufu ya kuku. Nikakaa chini kwenye udongo, nikaanza kusikitika kwa raha, na chupa ya mafuta niliyoiweka pembeni ikaanguka yenyewe ikabingirika mpaka kwenye migomba. Nikaifuata nikitukana. Nilipoiokota nikageuka kuangalia pikipiki kutoka kule chini.

Uwanja umelala upande! Bigwa sisi tulikuwa na sakafu ya saruji, imenyooka. Kule juu hakuna kilichonyooka, hata nyumba zinajishikilia. Upande wa kulia wa pikipiki, upande wenye masta ya breki, ile pampu iliyobeba kikopo, ulikuwa umeinamia bondeni. Kwa hiyo pale mpira wa breki unaoshuka gurudumuni unapochomokea kwenye masta palikuwa pamenyanyuka juu kuliko kikopo, na upepo kazi yake ni kukimbilia juu. Choroko yangu ya upepo ilikuwa imekaa pale tangu asubuhi, inaniangalia natoka jasho kule chini kwenye niple.

Dawa yake mnajua ilikuwa nini? Niliigeuza pikipiki ikaangalia ilikotoka. Basi! Kulia kukawa juu. Nikagonga mpira taratibu kwa mpini wa bisibisi, nikafungua kikopo, nikawa nabonyeza mkono kidogo kidogo, sentimita moja tu. Kikapanda kiputo kimoja. Kikasimama juu ya mafuta, kikapasuka. Nilipiga kelele peke yangu uwanjani mpaka shangazi akachungulia dirishani.

Nikabonyeza. Jiwe.

Mzee Pius akatoka anafuta midomo. "Tayari?"

Na mimi, kwa vile nilikuwa sijiamini tena hata jina langu, nikasema, "Bado. Nataka niufunge mkono wa breki umebanwa, ulale hivyo mpaka asubuhi. Kama kuna kingine kimejificha, kitapanda chenyewe." Sikuwa na kipande cha tyubu cha kufungia. Yustina akatoka, akafungua kitambaa cha kichwani, akanipa. Nilikifunga kwenye gripu kwa fundo mbili. Wakanipa chakula kilichobaki, shingo na miguu, na sijawahi kula kuku mtamu vile.

Asubuhi nikafungua kitambaa. Nikabonyeza mara moja, nikashikilia. Nikahesabu mpaka mia. Mkono haukusogea.

"Tayari, mjomba."

Nikamtazama Yustina, lakini mzee akamwashiria akae. "Nilianguka mimi," akasema, "nitapanda mimi." Akapanda nyuma na mabuti yake. Kweli, alikuwa bado ananukia karafuu.

Tukateremka. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili, sawa. Tulipokaribia darajani akaninong'oneza sikioni, "Ingia uwanja ule. Usipunguze mpaka nikwambie." Mbele nikaona mkeka, umejaa karafuu, na mama mmoja amekaa kando yake na ungo. Mama akamwona abiria wangu. Aliruka! Akakamata pembe za mkeka, akaukunja karafuu zote ndani, akaukumbatia, akaanza kukimbia kuelekea ukutani.

"Sasa!" akasema mjomba.

Nikabana. Pikipiki ikasimama pale pale, hatua nne kutoka ulipokuwa mkeka. Vumbi likatupita.

Yule mama akachungulia juu ya mkeka wake. "Pius! Tena? Na huyo anayekuendesha ni nani?"

"Huyu?" mjomba akasema, huku anashuka na kujikung'uta bila haraka. "Huyu ni mkwe wetu."

Ndivyo nilivyopata habari. Aliyeambiwa kwanza ni mwenye karafuu.

"Mkwe wenu," mama akarudia, hajaachia mkeka. "Breki anazo?"

Mjomba akafikiri kidogo. "Leo anazo."

Tangu siku ile kijiji kizima kikawa kinaniita Mkwe Upepo, jina likateremka na magari ya ndizi mpaka Bigwa, na Chande akahakikisha halipotei. Nyie mmelikuta limeshazeeka, mkaongeza mzee.

Najua siku hizi mnatumia bomba kubwa la sindano, mnasukuma mafuta kutoka chini kwenda juu na upepo unatangulia wenyewe. Ni njia nzuri. Nilibisha miezi miwili, nimeacha. Video mnazoangalia kwenye simu nazo nzuri, ila wote mle wanafanyia kazi kwenye sakafu iliyonyooka, na wateja wenu wanatoka milimani. Angalieni pikipiki imelala upande gani kabla hamjaanza. Na mteja akiuliza kama iko tayari, na kidole chako kinakwambia haiko, mwambie bado, hata kama amesimama na saa mkononi. Akinuna atanuna akiwa mzima, anatembea kwa miguu yake.

Mjomba Pius bado yupo, amezeeka, hapandi tena pikipiki. Mimi nina yangu moja, ya kwenda nayo sokoni na kanisani. Kila Jumapili naitoa nje, nafuta kiti, namwita Yustina. Anatoka na kitambaa chake kichwani, na kabla hajapanda ananyoosha mkono mbele yangu, anabonyeza breki mara moja, anashikilia, halafu ananiangalia.

"Leo unazo?"

Nami sijibu mpaka nimeibonyeza mwenyewe.